Suti ya Shemeji Kwenye Usaili wa Nahodha

Jamani, suti imenikosesha kazi leo.

Usaili wa nahodha wa boti ya watalii, hoteli moja hapa Utende. Wiki nzima niko mtandaoni najifunza kukaa, kutabasamu, kupeana mkono. Nikaazima suti ya shemeji, na tai juu!

Navuka kwa boti ya abiria kutoka kisiwani kwetu Juani, nafika, maji yamekupwa. Boti haikaribii ufukweni. Nikashuka na suti yangu, tope hadi magotini.

Meneja, mama wa makamo, kaitikia shikamoo yangu, kanitazama juu hadi chini. Kiingereza hakuuliza, uzoefu hakuuliza.

"Nahodha, leo maji yamekupwa saa ngapi?"

Nikafungua mdomo.

Suruali ilikuwa imeshajibu.

Mnaocheka nawaona. Shemeji, suti yako ipo salama.

Kuanzia kiunoni kwenda juu.