Gauni Jeupe la Pacha

Mama alikuwa na sheria moja juu yetu mapacha: akipewa mmoja, apewe na mwingine, la sivyo aliyenyimwa ataugua. Pacha wangu alipovimba bandama utotoni, mganga wa kijijini alimchanja tumboni, chini ya mbavu. Na mimi, mzima wa afya, nikachanjwa papo hapo. Nililia kuliko yeye, na sijamsamehe mtu.

Uhuru ulipokuja tulikuwa wasichana wakubwa. Hospitali moja ya milimani ilitafuta wanafunzi wa uuguzi, tukapanda kutoka kwetu Uvira, kando ya ziwa, kwenda kupimwa. Nafasi hiyo niliitaka mimi. Pacha wangu alinifuata tu, kama kawaida yake.

Daktari alitufunua kope, akatutazama ulimi, akatugonga mgongo. Kisha akatulaza, akabonyeza tumbo pale pale penye chale. "Vuta pumuzi." Bandama ya pacha wangu ilikuwa imepona kabisa. Yangu haijapata kuugua, basi nikatabasamu. Halafu akaniwekea chombo cha kusikilizia kifuani, akasikiliza, akahamisha, akasikiliza tena.

"Weye, moyo yako iko na sauti mubaya," akasema. "Kazi ya huku itakushinda. Mwenzako abakie."

Nilishuka mlima peke yangu. Nimechanjwa kwa ugonjwa wake, halafu afya apewe yeye!

Mama aliposikia kwamba pacha wangu amevalishwa gauni jeupe la uuguzi, akakata shuka, akanishonea na mimi. "Mapasa banapewaka sawasawa," alisema. "Vaa, mwanangu, usigonjwe." Nililivaa makusudi nikianika ndagala, dagaa wa ziwani, mpaka likanuka samaki hata baada ya kufuliwa.

Kisha uasi ukafika, na watu wa milimani wakatawanyika. Pacha wangu alirudi kwa miguu, amejifunga kitenge cha kuazima, gauni lake limebaki milimani. Hakuniomba. Alilitoa gauni langu kwenye kamba, akalivaa na harufu yake.

Asubuhi yake, habari ilipoenea, ua wetu ulijaa watu wenye vidonda na akina mama wenye watoto wa homa. Pacha wangu akamlaza mtoto mmoja mkekani, akambonyeza tumbo. "Vuta pumuzi."

Nilisimama kando yake, sura ile ile, chale zile zile. Tangu tuzaliwe majirani walituchanganya, wakiniita mimi yeye, na yeye mimi. Siku hiyo hakutuchanganya hata mmoja.