Kala au Hajala?

Mwinjuma wa Mbagala alikuwa na kazi ambayo hata mama yake hakujua aielezeje kwa ndugu zao wa Rufiji: alilipwa kwa kuongea juu ya watu wanaoongea. Kwenye banda la video la Bwana Sadallah alikaa kwenye stuli kando ya runinga, maiki mkononi, Mzungu akisema neno moja yeye anasema kumi. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokota. Palipomshinda alipaziba kwa utani na majina ya mitaa, ndiyo maana majambazi wote wa ng'ambo walikuwa wakikimbilia kujificha Tandika. Watu walimpenda. Filamu za kupigana hazina sarufi. Ngumi ni ngumi.

Balaa lilianza na filamu moja ya mahakamani. Wanasheria walibishana mpaka Mwinjuma akaishiwa mitaa, na watu wakatoka kabla haijafika nusu. Bwana Sadallah si mtu wa kufoka. Alimwambia tu kwamba Jumamosi wakitoka tena kabla ya mwisho, maiki inakwenda kwa Augustine, kijana wa Kimara aliyemaliza kidato cha sita na anayetoa Kiingereza puani. Jumamosi ikafika, na Augustine naye akafika. Alikaa benchi la nyuma, shati kachomekea, kama mtu anayengoja kugawiwa mirathi.

Na mkanda wa siku hiyo, kwa bahati ya Mwinjuma, ulikuwa wa ndoto.

Ilikuwa habari ya jamaa mmoja, fundi wa kuingia kwenye ndoto za wenzake. Anaota, anaamka, kumbe kule kuamka nako ni ndoto. Alama ya kumjulisha kama bado anaota ni moja tu: chakula cha ndotoni hakina ladha. Mwinjuma aliitazama asubuhi peke yake, hakuelewa. Akairudia, akaelewa pungufu ya mwanzo, lakini alipotoka nje jua lilionekana kama limepakwa rangi, akajikuta anaugusa ukuta kuhakikisha ni ukuta. Hajawahi kuipenda filamu namna ile. Kilichomuuma ni kwamba hakujua ataifikishaje kwa watu.

Mlangoni pale aliuza kashata Bi Mwajabu, mama wa Kizaramo ambaye wanawake wa mtaa mzima walimpelekea ndoto zao kila asubuhi kabla hata ya kuchota maji. Ukimwambia umeota, yeye kwanza hujibu "Kheri," ndipo usimulie, maana ndoto isiyoitikiwa kheri, kwa maneno yake, inabaki inaning'inia kichwani kama kanga kwenye kamba. Siku hiyo jua lilimchoma, akaingia na sinia lake na kukaa mkekani, mbele kabisa.

Filamu ikaanza. Mwinjuma akatangaza kwamba jamaa anaota.

"Anaota nini, ndevu?" wakauliza mabenchi.

"Anaota moto," mwingine akajibu. "Kwao si baridi?"

Mwinjuma akasahihisha, anaota ndoto. Kisha akasema jamaa kaamka. Punde akalazimika kusema hajaamka. Alipotamka kwamba sasa ndiyo kaamka kweli, na jamaa akaanza kutembea darini kichwa chini, watu walichoka. Wawili walisimama wakijipangusa suruali. Kule nyuma Augustine alikohoa, akaweka kola sawa.

Kwenye runinga jamaa akamgeukia mkewe. Mwinjuma, jasho linamtoka, akatafsiri kwa sauti ya mtu aliyekata tamaa: "Mke wangu, nimeota."

"Kheri," akaitikia Bi Mwajabu, huku anazipanga kashata zake.

Banda zima lilicheka. Mwinjuma peke yake hakucheka. Alikuwa ameuona mlango.

Tangu hapo hakutafsiri tena, alisimulia, kama wanavyosimulia wale kina mama alfajiri. Jamaa akizama ndotoni, Mwinjuma anasema, "Nimeota," na banda linaitikia, "Kheri." Akizama tena, kheri nyingine. Akiamka, kheri moja inaondolewa. Wale wawili walikaa. Mtu aliyechelewa aliingia akauliza filamu imefika wapi, akajibiwa, "Kheri ya tatu, kaa chini."

Huko kwenye kheri ya tatu maadui wakamwekea jamaa sinia la nyama. Bi Mwajabu akasimama.

"Usile, mwanangu! Wanakulisha usingizini hao!"

Hilo Mbagala halihitaji tafsiri. Nani asiyejua wachawi hulisha watu wapi? Banda zima likamkataza kula, na sauti ya Augustine ikiwemo, puani vilevile.

Jamaa alikataa, akapigana, akapanda kheri moja moja mpaka nyumbani kwake. Mkewe akamwekea sahani. Akatabasamu, akainua kijiko, kijiko kikafika mdomoni, na giza likaingia.

Miluzi. Wakaulaani mgao wa umeme na ukoo wake. Mmoja akaapa kwamba leo zamu ya kukatiwa si ya Mbagala, mwingine akasema wangoje, utarudi. Hakuna aliyeinuka.

Bwana Sadallah, pale mlangoni, alikuwa anaitazama taa iliyo juu ya kichwa chake. Ilikuwa inawaka.

"Umeme upo," akasema.

Kwenye runinga, maandishi madogo meupe yalikuwa yameanza kupanda. Mkanda ulikuwa umekwisha.

"Sasa kala au hajala?" akauliza Bi Mwajabu.

Mwinjuma hakujua. Wakamgeukia Augustine, kola yake sasa iko wazi. "Mie nilikuwa namsikiliza bibi," akakiri, "Kiingereza sikukisikia."

Basi ukawaka ubishi. Wengine walishika kwamba kala, mvuke wa chakula waliuona. Bi Mwajabu akauliza mke gani wa kweli anaweka chakula bila kumnawisha mumewe. Yule ni wa ndotoni. Nusu ya banda ikahamia upande wake. Nje, watazamaji wa zamu ya pili waligonga mabati, lakini waliokuwa ndani hawakutoka.

Bwana Sadallah alipita katikati yao, akachukua maiki. Mwinjuma akaiachia, akainuka kwenye stuli.

"Mie nasema kanawa," Bwana Sadallah akasema kwenye maiki. "Hamkutazama vizuri." Akamrudishia Mwinjuma. "Rudisha mkanda. Hao wa nje waingie, wakae chini."

Mwinjuma hakuketi papo hapo. Kwanza aliokota kashata kwenye sinia la Bi Mwajabu, akaitia mdomoni. Tangawizi ikamuuma ulimi. Ndipo akakaa.