Edimu na Nyuzi za Udi

Edimu hunyoosha magurudumu ya baiskeli kwa sikio. Kibandani kwake, upande wa Uganda wa Busia, hugusa spoki moja moja kwa ukucha, akasikiliza, kisha akakaza iliyolegea. Kwa hiyo Bartholomew, dereva wa lori kutoka Mombasa, alipomletea udi wake wa kupigia taarab, uliobanduka shingo, hakusitasita. Aliutia gundi, akaubana kwa vipande vya tyubu, akamwambia aupitie safari ijayo.

Gundi ilipokauka, Edimu alirudisha nyuzi. Lakini azikaze mpaka wapi? Sauti pekee alizozijua kwa moyo zilikuwa za akogo, kile kinanda cha vijiti vya chuma ambacho marehemu mama yake alikipiga kwa vidole gumba kijijini kwao Mella. Akaanza kuzitafuta. Uzi mmoja ulikatika, ukamchapa shavuni.

Mkewe Atai, aliyekuwa akichambua maharage, aliinua macho. "Wewe, hiyo kitu ni ya mtu."

"Najua," akasema, akafunga uzi mwingine.

Alilegeza, akakaza, akalegeza tena, wiki nzima. Siku moja, Edimu akijaribu nyuzi, Atai alijikuta anaimba wimbo wa mavuno, maharage ameyasahau mapajani. Edimu hakugusa tena kigingi cha kukazia nyuzi hata kimoja.

Bartholomew aliporudi, alipiga mara mbili akakunja uso. "Fundi, umeniharibia. Huu wimbo hautoki."

"Wako hautoki. Leta nikuonyeshe."

Edimu alipiga ule wa mavuno. Wauza ndizi wa jirani wakaanza kupiga makofi, mmoja akaitikia kwa Kiteso. Bartholomew alisikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni.

"Rudia," akasema. "Polepole. Nataka kujua umelegeza zipi."

Hati za mzigo hazikuwa tayari hadi kesho yake, basi walikaa mchana kutwa wakiutoa udi kwenye sauti za pwani na kuurudisha kwenye za akogo, wakibishana na kucheka.

Desemba, binti wa Edimu, Loice, alipoolewa Mukuju, Bartholomew alikuja na udi wa pili. Walijaribu kupiga pamoja, kila mmoja na sauti zake, na mchungaji akainamisha kichwa kuficha kicheko. Wakaamua kupokezana. Ilipofika zamu ya Edimu, Atai alivua viatu akaingia uwanjani kucheza, na mama mkwe wa Loice akamfuata.