Utani Uliokatizwa Kwenye Kagura ya Birmingham

Nilikwenda Birmingham kushuhudia ubatizo wa mjukuu wangu. Binti yangu Wakio, anayefanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao katika mji huo, aliniarifu kwamba mtoto hatatiwa maji mpaka babu yake awepo. Nami, nikiwa nimestaafu ukarani mkuu wa ofisi ya wilaya hapa Wundanyi, sikuwa na udhuru. Ubatizo ulikwenda ipasavyo. Ninaloliandika hapa ni jambo la wiki iliyofuata, ambalo nimeulizwa mara nyingi na sijapata kulieleza kwa utaratibu wake.

Kutoka Nairobi nilisafiri kwa ndege usiku kucha hadi London, kisha nikapanda basi kuelekea kaskazini, katikati ya mashamba ya kijani yasiyo na mtu hata mmoja wa kulima. Kituoni Birmingham, Wakio alinitazama kutoka juu hadi chini.

"Baba, umesafiri na tai usiku wote?"

"Ulitaka nishuke ugenini kifua wazi?"

"Hapa hata bosi wangu havai, Baba. Watadhani wewe ni inspector."

Erdington, anakoishi, ni mtaa wa nyumba zilizoshikana. Wajukuu walinielewa nilipozungumza Kiswahili, wakanijibu kwa Kiingereza, nami nikaamua kutolifanya kesi. Nyumba chache kutoka kwao aliishi Bibi Fumiko, mjane wa Kijapani ambaye Wakio alimhudumia kila asubuhi. Aliletwa Uingereza na mume Mwingereza, fundi wa kiwanda cha magari cha Longbridge. Mume alikuwa amefariki, kiwanda kimefungwa, na macho ya bibi yalikuwa yakififia. Alipomsikia Wakio akiniita Baba, naye akaniita hivyo hivyo, ingawa alinizidi umri. Tulizungumza Kiingereza; maneno yake nayaweka hapa kwa Kiswahili.

Siku ya pili ya kumtembelea, alinieleza kwamba kundi la wakulima kutoka bonde jirani na la kwao huko Japani lingekuja mjini kucheza kagura, ngoma takatifu inayotolewa kwa miungu hekaluni baada ya mavuno.

"Na watu huomba wakati huo?" nikauliza.

"Watu hula, hulewa, na kuwatania wachezaji."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Mchezaji asipotaniwa husinzia, Baba. Mungu naye husinzia. Mimi nilikuwa na sauti. Walikuwa wakinisogeza mbele. Nataka kumtania mmoja wao kwa lugha ya kwetu kabla sijafa. Tangu nije hapa sijapata mtu wa kumtania kwa lugha hiyo. Mara moja tu."

Jambo hilo sikuliona geni. Sisi watoto wa misheni tulikatazwa mwazindika, ngoma ya pepo ya Wataita, lakini niliisikia kutoka ng'ambo ya bonde, na nilijua kwamba walioizunguka hawakuwa kimya. Kwa kuwa Wakio alikuwa na zamu Jumamosi hiyo, nilijitolea kumpeleka bibi.

"Utaweza kukisukuma kiti chake cha magurudumu, Baba?"

"Nimesukuma Landirova ya DC kwenye matope ya Mgange."

"Hiki kina breki," akasema Wakio.

Jumamosi jioni tulifika ukumbini kwa teksi. Mlangoni tulipewa karatasi iliyowaomba watazamaji wakae kimya kabisa kwa heshima ya ibada, nao walitii. Walikaa kama waliofiwa. Jukwaani zilisimamishwa nguzo nne zilizozungushiwa kamba, na juu yake zikaning'inizwa karatasi nyeupe zilizokatwa kwa ustadi. Kulikuwa na ngoma kubwa, filimbi na matoazi. Bibi Fumiko alininong'oneza kisa: mungu wa kike wa jua amejificha pangoni, dunia imeingia giza, na sasa mungu mwenye nguvu anautafuta mlango wa pango ili aung'oe.

Mchezaji aliingia amevaa barakoa nyekundu, akazunguka polepole, akainama mbele ya mlango. Hapo bibi yule, ambaye nyumbani kwake sauti yake haikufika dirishani, alipaza sauti iliyofika mpaka darini.

Vichwa viligeuka. Jukwaani mkono wa mchezaji ulikwama hewani. Kisha akashika kiuno kama mzee aliyeteguka, akayumba, na mpiga ngoma akauma midomo asicheke.

"Umemwambia nini?"

"Kwamba mkewe hufungua vifuniko vya mitungi vigumu kuliko mlango huo. Kwa mkono mmoja."

Akaita tena. Mchezaji akaruka mguu mmoja, na ngoma ikashika moto. Ilikuwa kana kwamba mtu amefungua dirisha. Ndipo mhudumu wa ukumbi, mtu mzima mwenye fulana ya kazi, akatuinamia na kumwamuru bibi anyamaze. Nikamweleza kwamba huo ndio utaratibu wa ngoma yenyewe.

"Bwana, akiita tena nitawatoa nyote wawili."

Bibi Fumiko akakunja mikono mapajani. Jukwaani mchezaji aliweka kiganja sikioni, akauelekeza uso wa barakoa gizani, akangoja. Mpiga ngoma alirudia pigo lile lile, na lile lile tena. Hakuna aliyejibu.

Nilikasirika, na hata leo naona nilikuwa na haki ya kukasirika. Nikasimama. Bibi akanishika mkono wa koti.

"Baba, kaa."

"Jambo hili litarekebishwa."

"Kaa nami."

Nilikwenda. Ofisini niliambiwa msimamizi yuko mlango mwingine, nikamngoja. Alipokuja, mama mmoja mpole, nilimweleza kwamba mtu amekemewa kwa kutimiza wajibu wake katika ibada, na nikamtaka aniambie aliyeiandika ile karatasi alimuuliza nani. Alisikiliza, akapiga simu kwa waandaaji, akakiri kwamba nilikuwa sahihi: bibi aite apendavyo. Sikuridhika. Nilitaka aje mwenyewe amwambie mhudumu, ili pasiwe na utata. Akakubali, tukaongozana.

Tulipofungua mlango tulikutana na makofi. Taa zilikuwa zimewashwa. Mlango wa pango ulikwisha kung'olewa, jua limetoka, na watu walikuwa wakitafuta makoti yao.

"Tumepewa ruhusa," nikamwambia bibi.

"Ruhusa ya nini, Baba?"

Nikapendekeza tuwafuate wachezaji nyuma ya jukwaa, maana walikuwa wakiondoka mjini usiku ule ule.

"Nikamwambie nini? Ameshavua barakoa. Sasa ni mkulima aliyechoka, na mimi ni bibi kizee. Tutainamiana tu."

Tulirudi kwa teksi. Mlangoni kwake, nilipokuwa nikitafuta funguo, alisema bila ukali, "Aliniita yule. Uliona alivyoweka mkono sikioni? Nilikungoja ukae, tuite pamoja. Wewe ungeita kwa Kitaita. Asingejali."

"Wangetutoa nje."

"Ndiyo," akasema. "Lakini angekuwa amesikia."

Wiki iliyofuata nilianza safari ya kurudi. Nilipokwenda kumuaga, alinipa mkono na kunitakia safari njema, kwa Kiingereza safi, bila kuniita Baba, kama mtu anayemuaga ofisa. Sasa niko Wundanyi, na bado nashikilia kwamba mhudumu alikosea na karatasi ile haikustahili kuchapishwa. Malalamiko yangu yalipokelewa, yakakubaliwa, yakatekelezwa. Katika utumishi wangu wote sikuwahi kutolewa mahali popote na mtu yeyote, na kwa miaka mingi nililihesabu jambo hilo kuwa sifa.