Meno ya Mjomba Yalivyopotea Shungimbili

Mjomba wangu Hamadi aliona jangwa kwenye televisheni, na tangu siku hiyo sisi wa Kirongwe hatukupumua. Asubuhi vilima vya mchanga, jioni mjusi anayeinua miguu kwa zamu asiungue. Akataka alione jangwa kwa macho yake. Nikamwambia, "Mjomba, jangwa la karibu ni kisiwa cha Shungimbili, mchanga mtupu. Twende, lakini alasiri tuwe tumerudi Kilindoni." Alasiri hiyo tulikuwa tunakwenda kumposea mwanangu Juma, na msemaji wetu alikuwa yeye.

Asubuhi na mapema tulichukua bajaji mpaka Kilindoni, kisha boti ya mashine ya nahodha Saidi. Mjomba alishavaa kanzu ya posa kabisa, ati asipoteze muda.

Shungimbili tulifika jua likiwa kali. Mjomba akapanda kilima cha mchanga kilichomfika kiunoni, akatazama huku na huku.

"Mbona hakuna mnyama?"

Walikuwepo. Kaa wa mchangani, rangi yao mchanga mtupu, walikuwa milangoni mwa mashimo yao, macho wameyasimamisha kama vijiti. Ukisogea tu, hawapo. Jua likiwaka muda mwingi hukaa chini kwenye mchanga wenye unyevu, maana kaa akikauka hawezi kupumua.

Baada ya kula samaki wa kukaanga, mjomba alivua meno yake ya bandia, akayaweka juu ya kitambaa yapate upepo, akalala. Alipoamka, kitambaa kipo, meno hayapo. Mchangani palikuwa na mburuzo mwembamba ulioishia shimoni.

"Mjomba, hebu sema 'Tumekuja kuposa.'"

"Tumekuja kupofa."

Saidi aligeukia baharini, mabega yakimtikisika. Mimi sikucheka. Niliwaona wakwe wakidhani tumekuja kumpofua binti yao.

Nikakumbuka tulivyofanya utotoni. Nilimimina mchanga mkavu shimoni mpaka likajaa, ndipo tukachimba. Mchanga wa chini ni mbichi, rangi yake imekoza, hivyo ule mweupe ukatuonyesha njia: ikashuka mshazari, ikakata kona. Mjomba alilala kifudifudi na kanzu yake, akapiga kelele shimoni, "Toka, mwifi wewe!"

"Kumbe kaa ni wifi yako?" Saidi akauliza.

Nilizamisha mkono mpaka begani, kitu kikanibana kidole. Nikapiga ukelele kwamba meno yameniuma. Kumbe ni kaa mwenyewe, na meno yalikuwa nyuma yake, mazima.

Alasiri tuliingia ukweni Kilindoni. Mimi, mama wa Juma, nilikaa ndani na wanawake wenzangu, pazia katikati. Mwenye nyumba akauliza kwa adabu, "Mzee wangu, mbona mna mchanga hivi?" Mjomba akaeleza. Akaeleza macho ya kaa, kupumua kwa kaa, kona ya shimo la kaa. Chai ikapoa. Neno la posa hakuligusa.

Hatimaye bibi wa binti akapaza sauti nyuma ya pazia: "Samahani baba, mmekuja kumposa mjukuu wangu, au mnamposa huyo kaa?"

Nyumba nzima ikacheka. Mjomba akakohoa, akatamka posa vizuri, kila herufi mahali pake, na tukakubaliwa.

Mimi nimejifunza kwamba kaa hangoji kivuli, hujichimbia chake. Na msemaji wa posa, siku ya posa, mwacheni nyumbani mpaka saa ya kwenda ukweni.