Mafungu Mawili ya Tasbihi

Mimi shule niliishia darasa la pili huko Likawage, maana nguruwe walikuwa wengi na baba alinitaka nilinde mahindi. Kulinda ndiyo kazi niliyoijua mpaka uzee huu, na ndiyo iliyonileta Lindi, kwenye geti la hospitali. Hapo ndipo nilipokutana na yule bwana wa Kuba.

Alikuwa fundi wa kupiga picha za mifupa. Mweusi kama mimi, wagonjwa wakimsemesha Kimakonde, naye anacheka tu. Ujanani kwao alikuwa mrushaji wa besiboli, mchezo ambao mmoja anarusha mpira mgumu na mwingine anaupiga kwa gongo. Alirusha mpaka bega likafa, kwa sababu kocha wake hakutaka kumpumzisha. Ndipo akawa kocha yeye mwenyewe. Alipoletwa huku akakusanya vijana, jioni wanacheza uwanja wa shule, mipira wanaishona wenyewe kwa ngozi ya mbuzi, ndani nyuzi za nyavu. Wapita njia walikuwa wakiwazomea: "Nyie, mnatwanga nini bila kinu?"

Mimi nilikwenda kuangalia kwa kuwa nyumbani mke wangu alikuwa amenuna. Alinuna miaka miwili yule, Mungu amrehemu, kisa kitanda. Hayo tuyaache.

Alikuwepo kijana mmoja wa bodaboda, mzaliwa wa Kiswere. Wallahi, mpira wake huuoni, unausikia tu. Kocha alimpenda kama mwanawe, akawa anamtafutia majaribio ya timu ya taifa. Sharti lake moja tu: asirushe kupita kiasi. Nikapewa kazi ya kuhesabu mipira yake. Kuhesabu kwa karatasi mimi nachanganyikiwa, nikatoa tasbihi yangu, kila mpira punje moja, fungu moja punje thelathini na tatu. Akafurahi sana.

"Mzee, mafungu mawili, basi. Hata mnashinda, basi. Mkono ulale siku nne."

Siku walipokuja wageni kutoka Mtwara, kocha yuko Dar anafuatilia kibali chake. Kijana kaniachia mimi nimhesabie. Fungu la pili likaisha tunaongoza kidogo sana. Wale wale waliotuzomea sasa wanapiga vigelegele. Kijana akanigeukia.

"Vipi babu, nimemaliza?"

"Bado, mjukuu wangu. Rusha."

Nikairudisha tasbihi nyuma fungu zima. Ikaisha, nikairudisha tena. Mpira wa mwisho ukamponyoka ukaanguka miguuni pake, naye akashika bega, akakaa chini taratibu. Wageni walikuwa wameshafungwa. Watu wakanibeba juu mimi, mzee mzima, nami nikacheka. Nasema kweli, nilicheka.

Kocha aliporudi alilibonyezabonyeza lile bega kwa vidole. Halafu akaja getini kwangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Alirusha mafungu mangapi?"

"Mawili."

Akaniamini papo hapo. Kijana naye alishamwambia kuwa babu alihesabu. Akakaa kwenye benchi langu, mikono magotini.

"Basi ni mimi. Nimemfundisha vibaya. Kocha wangu aliniua kwa tamaa, mimi nimemuua huyu kwa ujinga."

Nilikuwa na chai kwenye chupa. Nikammiminia chai.

Mkataba wake ulipoisha akarudi kwao. Kijana yupo, pikipiki ameiacha, anauza vocha. Ijumaa husimama safu iliyo mbele yangu, na akinyanyua mikono kuanza swala, wa kushoto unafika sikioni, wa kulia unaishia kifuani. Tukitoka ananiamkia, ananitafutia ndala zangu.

Mwezi uliopita kocha alinitumia sauti kwenye simu. Anauliza habari za lile bega. Anasema huko kwao wamemwomba awafundishe watoto, amekataa, hajiamini tena na mkono wa mtoto wa mtu.

Nikabonyeza pale pa kurekodi. Nikamwambia Lindi joto, mikorosho imechanua vizuri mwaka huu, na mke wangu alifariki. Kidole kikabaki palepale, simu inaendelea kunisikiliza. Nikamwambia bega linaendelea vizuri. Nikaachia kidole, ikaenda.