Sauti Zilizoitikia Bila Sisi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila theluji inapoanza kuanguka. Keti vizuri nikusimulie, maana sitafanya haraka. Ilikuwa siku ya kilio huko Lackawanna, ule mji wa chuma wa huku Marekani uliozimika kando ya Buffalo, ndani ya ukumbi wa kanisa uliokuwa na baridi kuliko nje. Tulikuwa tumekwenda kumwomboleza mama yake Odette. Lakini hutaielewa siku hiyo kabla hujamjua Odette mwenyewe, kwa hiyo nivumilie nianzie nyuma kidogo.

Odette alikuwa mwimbaji wetu hapa Louisville, Mkongomani wa milima ya Kivu ya Kusini. Sauti yake ilikuwa nene, ya kupanda polepole, na ikishapanda hukumbuki tena kwamba sahani yako ina chakula. Harusi ikikosa Odette, watu waliondoka wakisema wamekula tu. Walimwita Malkia, na sifa zake zilifika hadi miji ambayo sisi wengine tuliiona kwenye mabango ya barabarani. Mimi Mrundi, niliyekulia kambini Kigoma, nilikutana naye kwenye kwaya. Nilikuwa na ujana wa mwisho mwisho bado, mchana nafunga vifurushi ghalani, Jumamosi namwitikia Odette.

Nyinyi vijana mnadhani kuitikia ni kazi ya wasiojua kuimba. Nakusamehe, hukufundishwa. Kwetu, anayeongoza wimbo hutupa neno, kisha huacha nafasi. Kabla ya kuanza huwatazama waitikiaji wake, kila mmoja, maana ile nafasi ni yetu. Akisema jambo la kweli tunamjibu kwa kifua chote: ndiyo, mama. Akipotoka, akimsifu bwana harusi kwa ukarimu ambao hakuna aliyewahi kuuona, tunanyamaza. Kunyamaza huko hakuna ugomvi. Mwimbaji anaelewa, anacheka, anageuza neno, nasi tunaitikia. Odette mwenyewe nilimnyamazia mara nyingi, na baada ya harusi alinifinya shavu akisema nimemwokoa na aibu.

Basi akaja akachoka. Wapo waliosema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini mimi nilikuwa jikoni kwake siku aliponieleza, na sikuona majivuno yoyote. Nilimwona mtu mwenye hofu.

"Mama Keza," aliniambia, "miye nimechoka. Kila harusi wimbo ni ile ile. Tukianza kuimba, batoto yetu banatoka inje na simu yabo. Tukikufa, nani atabaki anaimba? Donc, nataka kufanya muziki ya siku zenye zinakuya."

Nikamuuliza za lini. Akasema za mbali kabisa. Nikamwambia kwa Kiswahili cha Tanzania kuna kesho, keshokutwa, mtondo, halafu mtondogoo. Akalipenda lile neno la mwisho, akaipa jina hilo albamu yake. Ndiyo maana Wakongomani wote wa Louisville walikuja kuniuliza mimi maana yake, kana kwamba albamu ilikuwa yangu.

Aliirekodi Columbus, karibu na chuo kikuu kile kikubwa, kwenye nyumba waliyopanga wanafunzi. Fundi wake alikuwa kijana wa Kikenya, Otieno, mpole, mwenye kompyuta tatu na kitanda kimoja. Alisimamisha godoro ukutani ili sauti zisirudi. Odette alituita tuje, na sisi waitikiaji tukasafiri kwa furaha, tumefunga vitambaa vya kichwa vya sare, tukidhani tutaimba pamoja. Otieno akatuingiza mmoja mmoja.

"Auntie, sema tu 'eee', halafu 'ndiyo, mama', halafu 'ni kweli'. High, low, ukiwa na furaha, ukiwa na huzuni. The rest nitapanga mimi."

Nikamuuliza wimbo wenyewe unasemaje. Akacheka akasema hata Odette bado hajaandika maneno. Nikasema ndiyo, mama, kwa furaha na kwa huzuni, nikiutazama ukuta. Nikatoka nikapewa pizza. Tulirudi Louisville tukitaniana njia nzima, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza tumekubali nini.

Albamu ilipotoka, ilikuwa na mabonde na vilima. Sitaki kumdhulumu Odette, hasa sasa. Nyimbo nyingine zilikuwa tabu tupu: sauti yake nzuri imekamuliwa na kompyuta mpaka inatoka kama mtu anayeongea ndani ya dumu. Lakini ulikuwepo wimbo mmoja wa mvua juu ya turubai. Otieno alitengeneza mvua ile kwa mashine, na mimi niliyelala chini ya turubai utoto wangu wote nilisimama katikati ya jikoni nikashindwa kumenya kitunguu. Hata vijana wa ghalani, wale wasiotaka kusikia habari za kambi, waliusikiliza wakati wa mapumziko bila utani. Wimbo ule ulikuwa mpya na ulikuwa wetu. Angepata nyimbo tatu za namna ile angewashinda wote waliomcheka.

Na walimcheka kweli. Alipanda jukwaani na gauni la fedha lenye mabega kama mbawa, peke yake na mashine, na mashine ikamwitikia kwa sauti zetu. Sisi hakutuita tena. Hakutufukuza, kufukuzwa kuna heshima yake, unajua mlango umefungwa. Tuliacha tu kuitwa. Iliniuma, mwanangu, iliniuma sana, na sikumwambia mtu.

Miezi ile mama yake aliumwa. Wazazi wake walikaa Lackawanna, yeye yuko Columbus na Otieno, akirekebisha hiki na kile, akienda miji mingine kuonyesha albamu. Alipiga simu, alituma dawa, aliahidi Jumamosi hii, kisha Jumamosi ijayo. Mama alifariki mkono wake ukiwa mkononi mwa jirani. Mji mzima ulijua, maana habari ya kifo kwetu hutembea na habari ya nani alikuwepo.

Kilio hakina kadi ya mwaliko, kwa hiyo tulikwenda. Tulipanda gari la kanisa asubuhi, tukapita Columbus, na mmoja wetu akachungulia dirishani akasema hapo ndipo zinapokaa sauti zetu. Tulicheka kidogo.

Ukumbi ulijaa. Kwa watu wa milima ile, binti mwimbaji humuaga mama yake kwa wimbo kabla ya udongo. Humsimulia marehemu alivyoishi, na mwanawe alivyoishi naye, na watu huitikia. Hapo ndipo mtoto hulipa deni lote la machozi, na watu ndio mashahidi. Sisi tukaketi ukutani tukingoja Odette atutazame.

Hakututazama. Leo naamini ni aibu. Siku ile niliona kiburi. Aliingia na nguo nyeusi, amebeba spika ndogo, akaiweka mezani kando ya picha ya mama yake. Akabonyeza simu. Muziki ukaanza polepole, na ninakiri ulianza vizuri. Odette akaimba juu yake, machozi ya kweli yakimtoka.

"Mama, ulinibeba mgongoni."

Spika ikajibu: ndiyo, mama. Ilikuwa sauti yangu. Nilikuwa nimeketi pale, mdomo umefungwa, na sauti yangu inatoka mezani. Wanawake wawili wakageuka kunitazama.

"Mama, ulipougua nilikuja. Mkono yako niliushika."

Hapo, mwanangu, ndipo sisi tungenyamaza. Tungempa ile nafasi tupu aisikie, ageuze neno, aseme mama nisamehe, nilichelewa. Nasi tungemwitikia mpaka kuta zitikisike. Ndiyo kazi yetu ilivyokuwa. Lakini mashine haijui kunyamaza. Ikajibu kwa sauti yangu ile ya huzuni niliyoitoa nikiutazama ukuta wa Columbus: ndiyo, mama, ni kweli.

Baba yake, Mzee Rubeni, alinyanyuka. Alikuwa mtu wa maneno machache, aliyezoea kuongea na ng'ombe kuliko na watu, na ng'ombe alishawaacha zamani. Akaenda mezani, akaichomoa ile spika, akaishika kama mtu anavyoshika kuku asiye wake.

"Mtoto yangu," alisema, wala hakupaza sauti. "Hii sauti iko ya nani? Iko ya Mama Keza. Angalia, ameketi pale, kinywa amefunga. Hajasema ndiyo. Weye ndiye unamusemesha. Mwenye kuitika anasikia kwanza. Bon. Umekusanya ndiyo ya batu kabla hujasema neno, na leo umeileta mbele ya mama yako."

Mzee akatugeukia sisi.

"Na nyinye muko na vinywa. Munangoja kadi?"

Maneno yale yaliniingia mfupani. Nikasimama, wenzangu wakasimama. Odette akatutazama kwa mara ya kwanza, mmoja mmoja, kama zamani. Tulikuwa tayari. Walahi tulikuwa tayari, hasira yangu yote ilishaisha. Akafungua kinywa atupe neno, na neno halikuja. Akajaribu tena. Ilitoka pumzi tu. Tukangoja mpaka kungoja kwenyewe kukawa ukatili, ndipo mchungaji akaanzisha wimbo wa kitabu, ule ambao kila mtu anaujua na hauna mwenyewe.

Kesho yake tulizika kwenye theluji. Odette alisimama kando ya kaburi, mkono wa baba yake begani, na hakuimba. Udongo ulipoingia, ilikuwa imekwisha. Maji yakimwagika hayazoleki, na mama hazikwi mara mbili.

Hakuimba tena mbele ya watu. Anafanya kazi ya kutunza wazee huko Buffalo, na nasikia anawatunza vizuri. Baba yake aliishi miaka michache zaidi, yeye na binti yake wakizungumza habari za dawa na chakula tu. Mimi humpigia Odette simu. Mwaka fulani nikamwambia dada, imba, hata jikoni, nitakuitikia kwa simu. Akasema, "Mama Keza, weye uliisha itika." Nikaukumbuka ule ukuta wa Columbus.

Sasa nisikilize vizuri, maana wazee wenzangu wakisimulia habari hii husema mwacha asili ni mtumwa, na neno hilo wameligeuza fimbo ya kuwachapia vijana. Mimi simo. Odette hakuangamizwa na kompyuta wala gauni la fedha. Wimbo wa turubai ulitoka humo humo. Nyinyi mna haki ya kutengeneza muziki wa mtondogoo, na nusu yake ikiwa mbovu, ndivyo vitu vipya vinavyozaliwa. Nasi tuliomcheka tulipaswa kumwambia upi ulikuwa mzuri. Labda angetuita tena.

Nasaha yangu ni hii. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini hata vidole kumi ni bure kama ni vyako mwenyewe. Badili sauti, badili nguo, badili jina ukipenda, ila usijitengenezee watu wa kukukubali. Usichukue ndiyo ya mtu kabla hajasikia neno lako. Anayekunyamazia ukiwa umekosea anakupenda kuliko anayekuitikia kila saa, basi mweke karibu, mwite hata akikuudhi, na umwite mapema, kabla ya siku ambayo utamtazama ukiwa na kila kitu isipokuwa neno.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie kazi ya mikono yako. Akupe watu wenye moyo wa kukunyamazia unapodanganya, na siku ya msiba wako, akuachie sauti ya kuwaita. Amina.